Kipande Chetu cha Barabara

Ujumbe uliingia kwenye kundi la simu la kijiji chetu Ijumaa mchana, nikiwa dukani kwangu Arusha mjini nakula parachichi kwa chumvi. Mtendaji wa kijiji aliandika kwa herufi kubwa, kama kawaida yake: barabara itafungwa kuanzia Jumatatu kumpisha mkandarasi, maji ya bomba yatakatika hadi Alhamisi, na kila mwenye uzio, migomba au masale ndani ya hifadhi ya barabara aondoe mwenyewe kabla greda halijafika. Chini yake watu wakashangilia kwamba hatimaye tunapata lami. Mimi niliacha parachichi likawa jeusi kwenye sahani. Lilikuwa limenishika hilo neno masale.

Wewe uliyekulia kwetu, kwenye miteremko ya Meru, huhitaji kuelezwa. Kwa mgeni niseme tu kwamba masale ni mmea wa majani marefu ya kijani, haufi ovyo, na wazee wetu waliutumia kwa mambo mawili. Waliupanda mpakani, na mpaka wa masale haukuwa na ubishi. Tena mtu aliyekosa alikata jani lake bichi, akaenda nalo mlangoni kwa yule aliyemkosea. Ukipelekewa jani la masale unasamehe, hata kama moyo unawaka.

Zamani hizo hatukuwa na kundi la simu, tulikuwa na balozi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Jioni yenye tangazo alipanda kwenye mwinuko wa nyuma ya ghala la kahawa, akakohoa mara tatu, kisha akapaza sauti. Kesho chanjo ya watoto. Keshokutwa ng'ombe wapelekwe joshoni. Zamu ya maji ya mfereji ni ya nyumba za chini. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walilidaka tangazo na kulipitisha nyumba hadi nyumba kuelekea mlimani, na lilipofika juu kabisa lilikuwa limeshaongezewa faini ambayo balozi mwenyewe hakuitaja.

Tangazo kubwa kuliko yote lilikuwa la msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara kabla ya masika. Balozi alikuwa ameigawa barabara kwa kamba ya katani, kila nyumba urefu wa kamba moja, na mwisho wa kila kamba palipandwa masale. Kipande chako ulikitengeneza mwenyewe: unazibua mtaro, unaziba mashimo kwa mawe kutoka korongoni. Watu walijulikana kwa vipande vyao. Kijana akienda kuposa, halafu mtu akauliza, "Kipande cha kwao umekiona?", ujue posa imeingia mchanga. Siku hiyo mlima mzima ulilia kwa sururu, na mchana tulikula loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, tumekaa kwenye majani na miguu yenye tope.

Kipande chetu kilikuwa kibaya kuliko vyote, pale kwenye kona ya mteremko ambako maji yote ya mlimani hupita. Bibi yangu, aliyenilea, alikitunza kama sebule yake. Alikuwa mfupi, mkali, mwimbaji wa kwaya ya kanisani aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mkono mtupu haulambwi," alisema kila aliponituma kwa watu, akanitwika ndizi hata kama nilikuwa nakwenda kuazima chungio tu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la sita, na nchi ilikuwa imeingia enzi za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, maduka yalijaa ghafla, na Jumamosi kwenye gulio la Tengeru mitumba ilimwagwa juu ya maturubai. Sisi wasichana tulipagawa. Tulijua kwamba belo likifunguliwa ni la wenye mbio, na anayechelewa anakuta soksi za mguu mmoja. Mimi nilitaka sweta, na nilikuwa nimeitaka tangu Krismasi.

Msaragambo wa mwaka huo uliangukia Jumamosi. Bibi alikuwa kitandani wiki nzima, goti limevimba, hawezi kukanyaga. Kwa hiyo kipande kilikuwa changu. Mama jirani, aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alikuja mapema akakaa kumkanda bibi goti kwa maji ya moto. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, aliyoingoja miaka mingi hadi watu wakachoka kumwombea. Aliniona nikichukua jembe, akacheka.

"Usituangushe, mama. Na mimi nitapita hapo siku si nyingi."

"Mawe ya korongoni," bibi akasema kutoka kitandani. "Si udongo mtupu."

Shimo letu lingemeza makarai kumi na kitu ya mawe. Nilipanda kutoka korongoni na makarai mawili, shingo ikaniuma, nikatazama jua. Kando ya barabara yalikuwa yamelala mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa. Nikayakatakata, nikayapanga ndani ya shimo kwa ustadi kabisa, nikamwaga udongo na kuushindilia kwa miguu, halafu nikaweka yale mawe yangu juu. Balozi alipita akakanyaga kwa buti lake. "Damu ya bibi haipotei," akasema, akaniruhusu kuondoka. Kabla ya saa sita nilikuwa Tengeru. Nilipata sweta ya bluu yenye vifungo vya mbao, nzuri mno. Jioni bibi akaniuliza kama niliweka mawe. Nikajibu, "Niliweka, bibi."

Shina la mgomba ni maji matupu, kila mtoto wa kwetu anajua. Likifukiwa linaoza, na juu yake panabaki pazuri kama hapajaguswa.

Masika yaliingia kwa nguvu. Mchana mmoja tulikuwa tunatoka shule, mvua inanyesha, nikaona watu wamejaa kwenye kona yetu. Pikapu ya mfanyabiashara wa mbao ilikuwa imezama hadi ekseli, kati ya masale yetu na ya jirani. Nyuma, juu ya godoro na chini ya turubai, alilala mama jirani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Wanaume walisukuma, gurudumu likazunguka palepale, likarusha nyuzinyuzi nyeusi za migomba iliyooza. Zilimrukia balozi usoni. Zilinirukia na mimi kwenye sweta. Kila mtu alijua kipande kile ni cha nani.

Mwishowe walileta kitanda, wakambeba kwa mabega kuelekea hospitali ya misheni. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mvua, na hakulia. Alikuwa wa kike. Walimzika kesho yake migombani nyuma ya nyumba yao, na mimi nilibaki ndani nikijifanya naumwa kichwa.

Siku tatu baadaye bibi aliamka na fimbo, akajikokota hadi barabarani, akakata majani mawili ya masale. Moja aliliweka dirishani kwetu bila kuniangalia. Jingine alilishika kwa mikono miwili, akaniambia nimfuate. Mlangoni kwa mama jirani alisimama kwa shida, akanyoosha jani.

"Kipande ni changu, mwanangu. Kosa ni langu."

Mama jirani alilipokea. Macho yake yalipita begani kwa bibi yakanifikia mimi, nami nikatazama kuku. Kisha bibi aliinama akamnong'oneza jambo ambalo sikulisikia, tukarudi nyumbani. Keshoye asubuhi maziwa yalikuja kama kawaida, na kwa kweli hayo maziwa ndiyo yaliyoniadhibu kuliko fimbo yoyote.

Lile jani la dirishani nililielewa tangu saa ile. Sikuwa mjinga, nilikuwa mwoga. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Likaanza kukunjamana, likawa la kahawia, likakauka kabisa. Bibi alipangusa dirisha kila siku, akalizunguka kwa kitambaa, asiliguse. Siku moja sikulikuta tena, na hakuniuliza hadi anakufa. Sweta sikuivaa tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wenye fedha wakaanza kutuma vibarua siku ya msaragambo, na wengine wakasema barabara ni kazi ya serikali. Vyama vingi vilipoingia, watu wakamwambia balozi yeye ni wa chama chake tu, asiwaamrishe. Alipanda kwenye mwinuko wake akakohoa, na chini huko hakuna aliyepokea tangazo. Kahawa ikang'olewa, ikapandwa nyanya. Bibi aliendelea peke yake na karai lake hadi goti lilipomkatalia. Na mimi nilihamia mjini.

Basi juzi Jumanne nikapanda kijijini. Utaniuliza kwa nini si Jumamosi, kabla ya greda. Nilikuwa na sababu za dukani. Sababu hazijawahi kunipungukia. Gari liliniacha chini, nikatembea. Udongo ulikuwa umepasuliwa kutoka ukingo hadi ukingo, na ile kona imenyooshwa. Nilitembea huku na huku nisijue kipande chetu kinaanzia wapi.

Mama jirani alikuwa amekaa mlangoni kwake anatazama mitambo, kichwa kimekuwa cheupe. Hakupata mtoto mwingine. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote bila kupumua: mawe, migomba, Tengeru, sweta. Hakushtuka hata kidogo.

"Siku ile nilimkanda bibi yako goti hadi saa sita," akasema. "Ningemdhania yeye?"

"Sasa mbona ulipokea jani lake, mama?"

"Alileta la kwake, nikalipokea. Akaninong'oneza kwamba kuna jingine linakuja, nisichoke." Akageukia barabara. "Basi nikawa nangoja."

Nilisimama. Nikamwambia nakuja sasa hivi, nikatoka karibu kwa kukimbia, mtu mzima na viatu vya mjini. Barabarani hapakuwa na hata shina moja la masale. Dereva wa greda alinionyesha korongo walikomwaga kila kitu, na juu yake malori yalikuwa yameshashusha kifusi. Kwa bibi kuliuzwa zamani, sasa kuna ukuta wa tofali na geti. Nikabisha nyumba ya pili, nikabisha ya tatu. Kijana mmoja mpole akaniambia kama nataka majani ya kupamba, kuna mtu anauza Usa River.

Lami itakuwa njema, sibishi. Mgonjwa atashushwa hospitali kwa muda mfupi, na hakuna mama atakayekwama tena kwenye kona ile, kwa kuwa kona yenyewe haipo. Namshukuru Mungu kwa hilo, na bado nilisimama kwenye vumbi lile nikalia. Zamani hata mkosaji alikuwa na kitu cha kushika anapobisha hodi, na kilimea barabarani, cha bure, kila hatua chache. Mimi nilikipita miaka yote hiyo.

Nilirudi kwa mama jirani. Alikuwa amenimiminia maziwa kwenye kikombe cha bati, akatazama mikono yangu.

"Hukupata," akasema.

"Sikupata, mama."

Akanisogezea kikombe. Nikanywa. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuwa na kitu mkononi cha kumfanya aseme.