Bila Rula na Pampu Nyekundu

Mtaa mzima ulimwita Bila Rula, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka thelathini na ushei aliandika mabango ya maduka, milango ya malori na kuta za shule kwa brashi na jicho tu, na herufi zikasimama wima. Ukimtajia rula, alikutazama kana kwamba umemshauri avae nepi. "Rula ni gongo la mkono kiwete," alisema. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyarithi kwa baba yake, mwandishi wa mabango kabla yake, ambaye siku moja alimkuta akipima herufi kwa kijiti akamchapa vidole vyote kumi, hata vile visivyo na kosa.

Lakini hujafa hujaumbika. Mwanzoni mwa mwaka ngazi ilimteleza, naye akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, ila vidole vikabaki na mtetemo mdogo usiokwisha. Akauficha. Kikombe alikishika kwa mikono miwili akisingizia baridi, na nje jua linawaka. Watu wakija na kazi, alisema amebanwa na nyingine. Mkewe, fundi cherehani, alimtazama kwa juu ya miwani akaendelea kushona. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano kila siku haambiwi mkono unaotetemeka ukoje.

Jumanne moja akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, makanika asiyeweza kuona chuma kikuukuu akakipita. Alishusha kwenye mkokoteni pampu ya petroli ya enzi za kuzungusha kwa mkono, ndefu kumpita mtu, yenye kichwa cha kioo. Miezi mitatu alikuwa akiifufua: amenyoosha mabati, ameziba matobo, amepuliza rangi nyekundu inayong'aa. Upande wa nyuma tu aliuacha na rangi yake ya zamani iliyofifia, ili mwandishi apate pa kuigia.

"Shemeji, mbele hapa andika PETROLI, kama ilivyo kule nyuma," alisema. "Mwenye pampu anaitaka Ijumaa. Isipokuwa tayari, anabandika stika."

"Stika?"

"Ya kutoka kwenye kompyuta. Mimi nimemwambia mtu yupo."

Bila Rula alizunguka nyuma ya pampu, akazitambua zile herufi. Ile R iliyotanguliza mguu mbele ilikuwa ya marehemu baba yake. Mzee aliiandika mwaka ule Bila Rula alipooa. Palepale akajiapia kwamba mkono ukimwangusha mbele ya kazi ya mzee, brashi zote atazigawa na hatashika tena.

Alhamisi asubuhi alijifungia karakanani. Akakoroga rangi nyeupe, akavuta pumzi, akaanza P. Tumbo la P likatoka na mawimbi. Akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza tena, akafuta. Mara ya tatu nguzo yenyewe ilipinda. Akakaa juu ya debe la rangi, akauweka ule mkono mapajani na kuutazama. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu hakuna kitu kingine duniani alichokuwa anakijua.

Mwishowe akaenda nyuma ya pampu kuangalia mzee aliipitisha vipi P yake. Akapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaingia kwa ubavu, na kwenye ile rangi iliyofifia akaona mkwaruzo mwembamba umepita juu ya herufi zote, kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka kabisa. Chini ya herufi kulikuwa na wa pili. Hiyo ni kazi ya msumari uliosindikizwa na rula. Katikati ya O palikuwa na kitundu cha ncha ya bikari.

Akakipapasa kile kitundu. Kwanza alipandwa na hasira, vidole vyote kumi vikamwasha upya. Halafu akakumbuka kwamba mzee naye alikuwa akijifungia kila anapoanza kazi, eti harufu ya rangi haifai watoto. Na yeye sasa yuko wapi? Ndani, amekomea mlango.

Mlango ukagongwa. Akatoa komeo, mkewe akaingia na mita yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Kwenye ncha moja alikuwa ameshonea donge la matambara.

"Hili donge liegemeze kwenye bati, halikwaruzi," alisema. "Mkono uuweke juu ya mti, utatulia. Toka uanguke nasubiri uniambie, baba watoto. Nimechoka kusubiri."

Bila Rula alipata aibu, lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine. "Njoo uone. Baba alikuwa na rula."

Mkewe hakwenda kuona. "Hakuwa nayo. Alikuwa anaazima hii."

"Hii?"

"Toka mwaka nilioolewa. Anapita uani, anarudisha ina rangi, naifuta kwa mafuta ya taa usije ukaiona. Aliniapisha. Akasema, mwanangu asijue, anajivunia mkono wangu."

Bila Rula alicheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka, na mkewe akamwacha amalize. Kisha akainuka, akafungua mlango wa karakana mbawa zote mbili. Akapiga mistari miwili kwa ile mita, akaegemeza donge, akaweka kiganja. Wapita njia walisimama. Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Bila Rula! Na hiyo ni nini?"

"Rula," alijibu, wala hakugeuka.

Saa kumi jioni PETROLI ilikuwa imesimama, R imetanguliza mguu. Mkewe akalowesha kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kuipangusa mita yake kwa mazoea ya miaka mingi. Bila Rula akamshika mkono, na wake bado unatetemeka.

"Iache na rangi yake," alisema. "Ulizomfutia baba zinatosha."