Baba alivyompa mgombea kura zetu atunze kama ng'ombe

Wakuu, salamu kutoka huku juu Olenguruone. Mimi ni nyanya yenu, macho yamechoka lakini simu naiweza. Nawapa hii kama nilivyoiona, chumvi nimeiacha jikoni.

Mnabishana hapa kila siku kuhusu vyama vidogo ku-endorse, yaani kumuunga mkono, mgombea wa chama kikubwa. Mnadhani ni ujanja wa juzi!

Miaka ya hamsini, Waafrika walipoanza kuchagua wawakilishi wao wenyewe, baba alikuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha wafugaji tuliokaa shamba la mzungu. Kidogo kweli. Mkutano mkuu ulitosha kwenye kivuli cha nyumba yetu.

Mzungu alikuwa ameamuru ng'ombe wetu wapunguzwe. Tuliogopa sana. Bila ng'ombe tungekuwa watu gani?

Hatukuwa na nguvu ya kusimamisha mtu wetu. Mgombea wa chama kikubwa cha Nakuru akaja kuomba kura.

Sasa, kwetu mtu humpa rafiki ng'ombe amtunzie. Baba akamwambia, "Kura tunakupa hivyo hivyo. Maziwa kunywa wewe. Ndama ni wetu." Na ndama huyo ni kututetea mifugo huko Baraza la kutunga sheria.

Akakubali. Akashinda. Halafu kimya.

Kwa desturi, mwenye ng'ombe huenda kumwona ng'ombe wake wakati wowote, bila kualikwa. Basi baba akavaa koti, mimi binti yake nikabeba kibuyu cha maziwa, tukashuka Nakuru. Ukungu ulifunika bonde lote. Mpaka leo nikifumba macho bado tunatembea ndani yake, baba mbele, mimi nyuma na kibuyu.

Kwake, mtaa wa Bondeni, mkewe alitufungulia.

"Nimekuja kuona ng'ombe wangu," baba akasema.

"Mzee, hapa town hatufugi."

Mheshimiwa akasikia. Akatoka na soksi tupu, aibu imemjaa, akamkalisha baba kwenye kiti chake.

"Mzee, bado sijasema Barazani. Nitasema."

Na alisema. Baraza likakataa, ng'ombe wakauzwa. Nililia jamani.

Baba hakujuta. Aliniambia, "Mzungu kutunyima, hiyo nilijua. Mtu wetu kutusahau ndiyo ningekufa nayo."

Nilichojifunza ni kwamba kuunga mtu mkono ni kumpa atunze tu, na lazima uende kukagua.

Haya wajukuu, semeni hapo chini. Ng'ombe wako ulimpa nani, na mlangoni kwake umewahi kubisha hodi?