Usukani wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni mjane wa Magu anayeendesha gari lake mwenyewe. Analeta mchele Mwanza, anauza, anarudi kwake jua halijazama. Nilipombadilishia reki ya usukani, kile chuma cha chini kinachogeuza magurudumu, hapa gereji kwangu Buhongwa, nilijua nimemaliza kazi. Siku chache baadaye mke wangu akaniletea habari: usukani ni mgumu. Tena shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameshaanza kusema kwamba mama amezeeka, mikono haina nguvu, akabidhi ufunguo na yeye ndiye awe dereva.

Roho iliniuma. Yaani kazi ya mikono yangu ndiyo imnyang'anye yule mama gari lake!

Gari likaletwa. Mafuta ya usukani yamejaa, mkanda umekaza. Niliinua magurudumu ya mbele, nikazungusha usukani kulia na kushoto mpaka mapovu yote yakaisha kwenye mafuta. Nikaliendesha kidogo barabara ya Shinyanga, nikaona liko sawa. Lakini mikono yangu imezoea kufungua nati zenye kutu. Usukani gani ungeishinda? Gari likarudi Magu, na neno likarudi lilelile: mgumu. Shemeji akashauri tununue pampu mpya ya mafuta ya usukani. Sipendi kufundishwa kazi na mtu anayejua gari kwa kukaa kiti cha mbele. Nikasema lirudishwe, na mwenye gari aje nalo mwenyewe.

Hapo ndipo penye shida. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hatupeani mkono, hatutazamani usoni, na maneno yetu hupitia kwa mke wangu. Na mke wangu, Mungu amlinde, ni mtu wa kufupisha. Mama anaeleza robo saa, mimi napata neno moja.

Mama alipofika aliingia ndani kusalimia. Mimi nikaliinua gari mbele, nikaliweka juu ya stendi, nikajilaza uvunguni. Kutoka kule simwoni, naye haoni kitu changu zaidi ya viatu. Nikamwomba mke wangu amwite mama akae kwenye usukani.

"Shikamoo, mayu," nikasema.

"Marahaba, baba."

"Usiwashe injini. Zungusha polepole, uniambie unavyosikia."

"Hapa laini. Hapa mgumu. Laini tena. Mgumu. Si nilimwambia mkeo?"

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijitetea kwamba mgumu ni mgumu tu.

Si kweli. Ugumu wa pampu hauchagui mahali. Huu ulikuja na kuondoka kila nusu mzunguko, hata injini ikiwa imezimwa. Nikamulika tochi pale fimbo ya usukani inapoungana na reki. Kila mama aliposema "mgumu," kiungo cha pale kilikataa kukunjika. Maji ya njia za mashamba ya mpunga yalikuwa yamekijaza kutu. Reki ilikuwa mpya, kiungo ni kile cha zamani. Nilicheka peke yangu chini ya gari kama mwehu.

Nikafunga kiungo kipya, nikamwomba azungushe tena. Alizungusha mpaka mwisho huku, mpaka mwisho kule.

"Vipi, mayu?"

"Nazungusha kwa kidole."

Nilijivuna, na sioni haya kusema. Mafundi wa kubadilisha pampu wako tele Mwanza hii. Kuliponya gari la mama mkwe bila kuvunja heshima ya mama mkwe, hiyo naijua mimi.

Jioni simu ililia. Simu yangu, si ya mke wangu.

"Nimefika," mama mkwe akasema. "Shemeji yako amenipokea getini, amenyoosha mkono."

"Ukampa?"

"Nimempa kapu la dagaa aingize ndani. Ufunguo ninao."