Breki Iliyoitwa Shikamoo

Mama aligoma kurudi Quionga vipande vipande. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Tulipokimbia vita, kila mtu alishika njia yake: mimi na mume wangu huku, yeye kule na majirani, na vyombo vyake vikatawanyika kwa watu. Ikamchukua muda mrefu kuvikusanya tena hapa Palma. Kisha watu wakaanza kurudi na kuezeka nyumba zao, nami nikamwambia atangulie kwa chapa, basi dogo la huku, na abiria wengine, mizigo itafuata. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Tuliondoka vipande vipande," akasema. "Nitarudi mzima. Mimi, kitanda changu, kinu changu na mabati yangu, siku moja, safari moja. La sivyo nizikeni hapa hapa."

Ndiyo maana tukanunua trela. Lilikuwa likibeba jenereta kwenye mradi wa gesi huko Afungi, zito, la chuma tupu, na breki zake ni za umeme. Ndani ya magurudumu mna sumaku. Umeme ukifika, gurudumu linakamatwa. Lakini umeme huo sharti utoke kwenye gari linalovuta, kupitia kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na dereva, na pikapu yangu haikuwa nacho. Bila kisanduku hicho trela lingekuwa linatusukuma tu. Na kabla ya kufika Quionga kulikuwa na mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na chini yake daraja jembamba la mbao lisilo na kingo. Niliuota mteremko ule.

Mume wangu akasema atakifunga mwenyewe. Yeye ni mtu wa bara, kutoka huko juu Mueda, fundi umeme wa majumba. Kuendesha hajui hata baiskeli, lakini mbele ya waya humwambii kitu. Asubuhi nzima nilikaa kwenye usukani nikiwa mguu wake. Yeye amelala chali chini ya dashibodi, miguu iko nje, anapiga kelele: "Kanyaga! Achia! Kanyaga tena!" Alikuwa anatafuta waya unaopata umeme pale tu breki inapokanyagwa, ule unaowasha taa nyekundu za nyuma. Akaupata, akaunganisha. Waya mweusi akaupeleka kwenye betri kupitia fyuzi, mweupe akaufunga kwenye bodi, na wa buluu akauvuta chini ya gari mpaka kwenye soketi ya trela, akaushikiza kwa vipande vya mpira wa baiskeli usije ukaungua kwenye ekzosi. Mimi nilinung'unika kwamba jua linanichoma paja moja, yeye akanijibu kwa Kireno, maana akishika bisibisi Kiswahili humtoka. Naikumbuka asubuhi ile kwa mapenzi makubwa, na kelele zake zote.

Kisanduku kile kilikuwa na kijiti kidogo pembeni. Ukikisukuma kwa kidole, kinakamata trela peke yake, gari halikamatwi. Kwenye mteremko unaanza nacho mapema, trela likuvute nyuma badala ya kukupanda mgongoni.

Tulipakia viroba vya mchanga tukaenda kujaribu kwenye kinjia cha nyuma ya nyumba kinachoteremka. Mama alikaa barazani na kanga zake mbili, anatazama.

Trela likaanza kusukuma. Mume wangu akapiga kelele: "Travão de mão! Breki ya mkono!"

Sasa jamani, dereva gani akiambiwa breki ya mkono anafikiria kijiti cha jana? Nikavuta breki ya mkono, ile ya siku zote, kwa nguvu zangu zote. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yakakwama, trela halikukwama, likatugeuza ubavu mpaka tukaingia kwenye mihogo ya jirani.

"Siyo hiyo!"

"Ungesema!"

"Nimesema!"

Tuligombana pale pale katikati ya mihogo, milango ya gari iko wazi. Tuliporudi, Mama alikuwa ameshaanza kufungua mizigo yake.

"Siendi," akasema. "Nimekimbia risasi nikapona, sitauawa na kitanda changu mwenyewe."

Nilivunjika moyo kabisa. Nilijua akishaweka kinu kile chini hakiinuki tena. Mume wangu akachuchumaa mbele yake, mikono ina grisi hadi viwiko.

"Mama, kosa ni la jina tu," akasema. "Pale kuna breki mbili za mkono. Hii mpya inamshika yule wa nyuma tu."

"Inamshika miguu?"

"Ndiyo, Mama. Taratibu."

"Na mnaanza nayo kabla hamjafika?"

"Kabla kabisa."

Mama akafikiri. "Basi hiyo siyo breki ya mkono. Hiyo ni shikamoo." Akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Iiteni hivyo. Hata huyu mwanangu mkaidi hawezi kuikosea."

Akafunga mizigo upya.

Siku ya safari alikaa kiti cha nyuma, kuku wapya miguuni, anahesabu mikorosho iliyopona. Tulipofika juu ya mteremko nikapunguza mwendo. Mume wangu akaita: "Shikamoo!" Nikasukuma kijiti. Nikahisi trela linajizuia, linatuvuta nyuma kwa upole, na gari likatulia mikononi mwangu.

Na Mama, macho yake yako dirishani, akaitikia kwa mazoea: "Marahaba."

Tulicheka mpaka tukalivuka daraja. Usiku ule alilala kwenye kitanda chake, chini ya paa la nusu, na hakutaka kusikia habari ya kusubiri nusu ya pili.

Sasa amezikwa Quionga, karibu na minazi yake, mzima kama alivyotaka. Trela tuliliuza. Kisanduku nimekataa kisifunguliwe, ingawa mume wangu anasema kinakula nafasi bure. Nikienda kuzuru kaburi, gari tupu, nyuma hakuna cha kukamatwa, nakisukuma kijiti hivyo hivyo pale juu ya mteremko na kusema shikamoo. Kisha nashuka polepole mpaka darajani, ili apate nafasi ya kuitikia.