Majoho Yaliyokosa Fundi

Majina ya watu wote wa baraza ile ninayo kichwani mpaka leo, na ya watoto wao, hata ya paka wa dukani. Sitayaandika. Wengine wana wajukuu wanaosoma, na mimi nataka kuzikwa na watu wengi.

Baraza yenyewe ilikuwa Eastleigh, mbele ya duka la vitambaa la Mhindi. Wahindi wenzake walikuwa wameshahamia Parklands, yeye akabaki. Mwenye duka alikuwa mjane mfupi, mwenye sari nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wanawe walimwita Ba, ndiyo kusema mama kwa lugha yao, na sisi mafundi tukamwita hivyo hivyo. Mpango wetu ulikuwa wa tangu zamani: mteja anaingia ndani kununua kitambaa, anatoka nje kushonewa. Tulikuwa watatu. Mimi, niliyetoka Kayole kila asubuhi. Mama mmoja wa Kibukusu, ulimi wake wembe. Na mzee wa Murang'a aliyeshona suti tu, na aliyemwonea huruma mtu yeyote asiyevaa koti.

Miaka hiyo ya tisini mitumba ikaingia kama maji ya mvua yanavyoingia nyumba ya chini. Viwanda vyetu vya pamba vikaanza kufunga, kimoja baada ya kingine. Mteja alikuwa anaingia dukani, anapapasa jora la kitambaa, anasema "nitarudi", kisha tunamwona anashuka Gikomba, soko la mitumba.

Kijana wa Ba, mtu mzima mwenye kitambi na adabu zake, akatutolea habari huku akiangalia barabara.

"Mama zangu, mzee, Pasaka ikipita nitaweka marobota ya mitumba hapa barazani. Kitambaa hakitembei. Nifanye nini?"

"Tuweke juu ya hayo marobota, tuuzwe pamoja," akasema Mbukusu.

Kijana akacheka, lakini neno lake hakulibadilisha.

Tumaini likabaki moja. Kanisa langu lilikuwa nyuma ya duka lile, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameniahidi majoho ya Pasaka, kwaya nzima, kitambaa cha Ba na mikono yetu. Kazi kama hiyo ingemwonyesha kijana kwamba majora bado yanatoka, na baraza ingebaki yetu. Nilishawapima waimbaji wote baada ya ibada kwa kamba yangu yenye mafundo, maana namba na mimi hatukusoma darasa moja.

Basi siku moja mwalimu wa kwaya anatokea na gunia begani, jasho na furaha.

"Mama, Mungu ni mwema! Nimeyapata Gikomba, majoho ya ng'ambo, tayari kabisa! Nipunguzie tu pindo na mikono."

Akatoa moja. Jeusi, pana. Aliyelivaa mwanzo lazima alikuwa akichuma papai bila ngazi.

"Hili la nani?" Mbukusu akauliza. "La Goliathi?"

"La soprano."

Nikalikunja lile joho, nikalirudisha guniani. Nikamwambia aniache nifikirie, akaenda zake akiimba.

Ba alikuwa amesikia kila kitu kutoka ndani. Akatuita kwa chai ya tangawizi, sisi watatu, tukakaa juu ya majora yasiyotembea.

"Nyinyi iko kasirika bure," akasema. "Kwetu hii mambo ilikuwa. Mwingereza chukua pamba yetu, peleka kwao, rudisha nguo, uza kwetu. Mfumaji wa kwetu lala njaa."

Nilishangaa. Mimi nilikuwa nadhani Mhindi amezaliwa nyuma ya kaunta. "Ba, kwani hata nyinyi mlitawaliwa na yule yule?"

"Kwetu ndiyo alijifunza," akasema Ba. "Kwenu alikuja kwisha jifunza."

Akatusimulia habari za kijiji cha babu yake, nami nazisimulia kwa maneno yangu, kwa sababu maneno ya Ba yalikuwa yanakimbia huku na huku. Ilikuwa zamani, kabla Ba hajazaliwa, vile vita vyao vya kumkataa Mwingereza vilipokuwa bado vichanga. Bunduki hawakuwa nazo. Neno likapita vijijini: tusivae nguo yake. Wengi wakatii. Lakini pale kijijini palikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba, aliyependa shati la Kiingereza kuliko mkewe. Watu hawakumpiga, hawakumtukana. Dobi tu alimrudishia mzigo wake wa nguo akamwambia, "Bwana, mikono yangu haijui kufua za kule." Kinyozi naye akasikia, akasema wembe wake umekuwa butu kwa ndevu za bwana huyo. Mwisho ikafika harusi ya binti yake, na kasisi wao akakataa kufungisha ndoa kama zawadi ni nguo za Mwingereza. Bwana akatoka na mzigo mwenyewe, shati chafu mwilini na ndevu kama mbuzi, akautupa motoni njia panda, kijiji kizima kikitazama. Na bibi yake Ba akatupa sari yake ya harusi.

"Akalia?" nikauliza.

"Lia sana. Baadaye sema sari ilikuwa inawasha."

Mzee wa suti akaweka kikombe chini. "Huyo dobi," akasema, "alikuwa fundi."

Akatoka, akavaa kofia, akapita kwa mafundi wa mtaa mzima, mmoja mmoja, kuwaomba wasiyaguse majoho yale. Aliporudi alisema neno moja: wamekubali.

Mbukusu akataka na moto. "Kama ni vita, tuchome! Kesho kila mtu alete mtumba wake mmoja."

Kesho yake tukaleta. Yeye alileta soksi isiyo na mwenzake. Mzee, leso yenye tundu. Mimi nilileta aproni, lakini nikiitazama nikaona inafaa kufuta mafuta ya cherehani, nikairudisha kikapuni. Mbukusu akaitazama soksi, akasema itafaa kushikia sufuria. Kwetu nguo ikichakaa inakuwa ya kupigia deki, ikishindwa deki inazibia dirisha. Tulisimama pale na kiberiti kama wajinga. Moto haukuwaka.

Ila kukataa tulikataa. Mwalimu wa kwaya alirudi, nikamwambia, "Mwanangu, mikono yangu haijui kupunguza za kule."

"Mama, jamani! Pindo tu!"

"Pindo ndilo gumu."

Akaenda kwa fundi wa kona, mashine imeharibika. Wa pili, mgongo. Wa tatu alimwambia ukweli, na kumcheka juu yake. Akarudi kwetu amenuna.

"Mnaizuia kazi ya Mungu!"

"Mungu aliwashonea Adamu na Hawa mwenyewe," Mbukusu akamjibu. "Hakushuka Gikomba."

Jumapili ya Matawi kwaya ikaingia na majoho yale yale, marefu vile vile, mengine yamebanwa kwa pini. Mkono mmoja tawi, mkono mwingine umeshika pindo kama anayevuka mto. Walipofika ngazi ya mbele ilibidi wapige makofi, na makofi yanataka mikono miwili. Soprano wa kwanza akaachia pindo, wa nyuma yake akalikanyaga, na safu nzima ikainama mbele ya madhabahu kwa unyenyekevu ambao sijauona tena. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nimeuma leso. Mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa.

Jumatatu asubuhi, kabla sijatia mafuta mashine, mwalimu wa kwaya huyo hapo. Hakusalimia kwa wimbo.

"Mama, ile kamba yako ya mafundo bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi kateni."

Tukakata pamba nyeupe ya Ba, jora baada ya jora. Kijana wake ndiye aliyekuwa akiyashusha rafuni, na kila aliposhusha aliangalia baraza, kisha akaangalia jora. Mzee wa suti alishona majoho kwa mara ya kwanza maishani, akayatilia mabega kama makoti. Pasaka kwaya iling'aa, besi wakionekana kama mabwana harusi.

Marobota yalikuja kweli wiki iliyofuata, maana mitumba haikushindwa na kwaya moja. Kijana akasimama na wabebaji, akatutazama sisi na cherehani zetu, wateja wawili wamesimama na vitambaa mkononi.

"Zungusheni nyuma," akawaambia. "Barazani kuna watu."

Nilishona pale mpaka macho yalipokataa. Yale majoho meusi mwalimu wa kwaya alituachia sisi, na jioni tuliyatumia kufunika mashine, maana yalikuwa mapana na mvua haikupenya. Ba akifunga duka alikuwa akipita akiyapapasa.

"Hii Mwingereza naye," anasema, "mpe kazi yake tu."