Poda ya Mwaka wa Sita

Sijui kama haya ni yangu kuyaandika. Shule niliiacha Lubumbashi nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, na kosa ninalotaka kulisimulia lilikuwa langu. Nilimuuliza binti yangu, akasema niandike tu.

Kwetu sekondari inaisha mwaka wa sita. Mtoto anafanya mtihani wa serikali, na akipata diploma watu wanammwagia poda nyeupe kichwani na kumzungusha mtaani, hata asiyemjua anampungia mkono. Basi binti yangu alipomaliza mwaka wa sita hapa Brussels, upande wa professionnelle, wanakofundishwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, sikuuliza kitu. Alinipigia simu kwamba amefaulu, ikatosha. Nikanunua poda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, nikamwita dada yangu na wamama wawili tunaosali nao, tukamngoja kwenye kituo cha tramu karibu na kwetu Schaerbeek. Aliposhuka tu, tukammwagia. Jirani Mturuki alidhani ni harusi, akapiga makofi dirishani. Binti yangu alisimama amefumba macho, anatabasamu. Dada yangu akatuma picha kwa ukoo mzima, mpaka Lubumbashi.

Alitaka kuwa mkunga tangu akiwa mdogo. Nikawa nangoja aende kujiandikisha kwenye shule kubwa ya wakunga. Wiki zikapita. Akasema ameona kazi ya wazee, labda aanze na hiyo. Nilimwambia amekuwa mvivu. Neno hilo natamani ningelimeza.

Ukweli niliupata Matonge, nikisukwa nywele huku najisifu. Msusi, ambaye mwanawe alipita njia hiyohiyo, aliuliza mtoto amesoma upande gani. Nikamwambia. Mikono yake ikasimama. Aliniinamia sikioni ili wengine wasisikie, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

“Maman, ile haiko diplôme. Ile ni karatasi ya kazi. Kwa professionnelle, diplôme inatoka mwaka wa saba.”

Na bila hiyo shule ya wakunga haimpokei.

Ningependa kusema shule ilituficha. Haikuficha. Kwenye mkutano wa wazazi, mwaka ule wa kuchagua upande wa masomo, mwalimu alichora visanduku ubaoni, kimoja kwa kila mwaka, na cha saba kilikuwepo. Mimi nilisikia neno kazi, nikafurahi, na yaliyobaki niliyaacha yapite kwa sababu niliona haya kuuliza mbele ya watu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta binti yangu jikoni akimenya ndizi. Nikamuuliza kama alijua. Alijua. Siku ya poda pia? Ndiyo.

“Nilikuwa nataka nikuambie palepale kwenye arrêt ya tramu,” akasema. “Bon, nikakuona. Maman, ulikuwa unacheka mpaka unashika ukuta. Sikuonaka ukicheka vile.”

Nikamwambia si kitu, atarudi shuleni tu.

“Nirudi namna gani? Batu bote baliona picha.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto alikuwa anauacha ukunga ili mimi nisiaibike.

Nilichukua simu mbele yake. Mimi si mtu wa kusema, nilirekodi sauti nikaifuta mara mbili. Ya tatu ilikwenda kwa ukoo wote. Nikasema karatasi ile ni ya kweli na ameitolea jasho, lakini ni ya kazi, diploma bado mwaka mmoja. Nikasema hakumdanganya mtu, ni mimi niliyesherehekea bila kuuliza, na anayetaka kucheka anicheke mimi.

Ya kwanza kurudi ilikuwa sauti ya dada yangu: “Donc nguo yangu ya kanisa iliharibika na poda bure? Bon. Mutoto arudie masomo. Wewe utanifulia.”

Binti yangu alicheka kwanza kisha akalia, au alianza kulia, sikumbuki vizuri. Siku iliyofuata alikwenda kujiandikisha mwaka wa saba.

Mara nyingine najiuliza kama ujumbe ule niliutuma kwa ajili yake tu, au na mimi nilitaka nionekane mtu mwema. Labda yote mawili. Na mwaka haujaisha, siwezi kusema atapata. Kazi ya mikono haimpi shida, wazee anaowahudumia kwenye mazoezi ya kazi wanampenda. Hesabu ndizo zinamsumbua, na bila kufaulu hesabu hapati diploma.

Jana aliweka daftari mezani mbele yangu. Nikamwambia anajua kabisa kwamba mimi sijui. Akasema ndiyo, anajua, nikae tu nisikilize, maana akimweleza mtu ndipo anapoelewa. Nikavuta kiti. Alieleza mara moja, nikatikisa kichwa kwamba sijaelewa. Akaeleza tena polepole, katikati akaona alipokosea, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Kisha akasema merci, maman, akachukua daftari lake akaenda.