Ukucha wa Shangazi

Mtaani kwetu kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyesuka nywele, na mtaa ukamwita Shangazi. Si kwa heshima. Wanaume waliokaa kutwa nzima mbele ya duka la vifaa vya ujenzi walimwita hivyo kwa sauti nyembamba, wakibinua midomo, kisha wakawatuma wake zao kwake wakapendeze. Hawana haya hata chembe. Mimi nilimwita Fundi. Kiti changu kilikuwa jirani na chake kwenye saluni ile, na ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu.

Fundi hakutumia mkia wa chanuo kutoa njia kichwani kama sisi wengine. Alifuga ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, akaupiga tupa mpaka ukawa laini, na kwa huo ukucha aligawa nywele bila mtu kuhisi. Watoto waliopiga mayowe kwangu walisinzia kwake.

Ukucha ule aliufuga kwa ajili ya binti yake. Mkewe alipofariki, mtoto alikuwa hajaanza shule, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuuma. Akiona chanuo tu, analia. Wakati huo Fundi alikuwa mbeba magunia ghalani. Akajifunza kusuka kwenye kichwa cha mwanawe, jioni baada ya jioni, mpaka majirani wakaanza kumletea vichwa vyao. Akaacha magunia. Mdogo wake wa kiume akamwambia ameuaibisha ukoo mzima na asikanyage tena kwake.

Binti alimpenda babake, msije mkasema hakumpenda. Akiwa darasa la tatu alimng'ata mvulana mkono mpaka damu ikatoka, kwa sababu tu alimwita babake Shangazi. Aliletwa saluni mdomo umevimba. Fundi akamkalisha kitini, akamfumua, akaanza kumsuka upya huku akicheka chini chini.

"Ni jina tu, mama. Halinichomi."

"Mimi linanichoma," mtoto akajibu.

Akakua, akasoma, akapata kazi kwenye ofisi yenye mazulia, kisha akapata mchumba wa familia inayojisikia. Walipomuuliza babake anafanya kazi gani, akasema ni dereva wa lori, yuko safari za mbali. Siku aliyokuja kumweleza Fundi, alisimama pale mlangoni mwa saluni, hakutaka hata kukaa.

"Baba, siku ya harusi wewe ndiye utanishika mkono kuniingiza ukumbini. Hilo halibadiliki. Ila wakikuuliza, wewe ni dereva."

"Na lori nimeliegesha wapi?" Fundi akatania.

Binti hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa babake. "Na huo ukucha, baba. Dereva gani anafuga ukucha?"

Nusura nimtupie brashi. Fundi alichukua mkasi palepale, akaukata, kipande kikaangukia sakafuni kwenye nywele za wateja. "Haya, dereva yuko tayari," alisema. Tangu siku hiyo alisuka kwa chanuo, na watoto wakalia kwake kama walivyolia kwangu. Lakini alikuwa na furaha, jamani. Alikuja na suti ya kuazima, akatembea nayo katikati ya viti, akijishika mkono mwenyewe kama aliyeshikana na bibi harusi. Alikuwa ananiuliza kama mabega yamekaa. Yalikuwa yamekaa kweli.

Siku yenyewe ilipofika, mawifi walikuwa wamempeleka binti kwenye saluni kubwa ya mjini. Huko wakamkaza nywele mpaka ngozi ikatoka vipele, na misuko ya mbele ikaanza kuchomoka hata gauni hajavaa. Alinipigia simu mimi. "Dada, mlete baba. Mpite mlango wa nyuma."

Tulimkuta kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, analia. "Baba, niokoe," alisema, akamkumbatia. Fundi akavua koti la suti, akalitundika karibu na gauni, akakunja mikono ya shati.

Alifumua mbele kote. Mkia wa chanuo ulipogusa vile vipele, binti akaruka.

"Unaniumiza!"

"Najua, mama. Sina ukucha."

Binti akainamisha kichwa. Fundi alisuka taratibu, akipuliza palipovimba kama alivyompuliza utotoni, na nywele zikaanza kukaa.

Alikuwa amebakiza msuko mmoja mlango ulipofunguliwa. Waliingia mawifi wawili, dada za bwana harusi. Walipoona mikono ya mwanamume kichwani mwa bibi harusi, wakaangua kicheko.

"Wifi! Unasukwa na dume zima?"

"Tena kavaa tai! Huyu ni nani?"

Mikono ya Fundi ikasimama. Neno moja tu lilitosha kuwajibu, neno ambalo mtoto huyu alilijua kabla ya kujua kutembea. Nilikuwa namtazama binti kwenye kioo. Aliwaangalia mawifi, akaliangalia koti lililotundikwa, halafu akatabasamu tabasamu la ofisini.

"Tunamwita Shangazi," alisema. "Ni msusi wa mtaani kwetu."

Wakacheka upya. Nikafungua mdomo niwape zao, Fundi akanikanyaga mguu. Akamalizia msuko, akakata uzi. "Umependeza, bibi harusi," alisema.

Baada ya hapo angeingiaje ukumbini kama baba? Mawifi walishaishika sura yake. Walipotoka, binti alimnong'oneza kitu, Fundi akaitikia kwa kichwa. Akaitwa baba mdogo amwingize badala yake, yuleyule aliyemfukuza Fundi kwake, ambaye siku hiyo alikuwa mgeni wa viti vya mbele. Tai yake ilikuwa imekaa upande, na Fundi ndiye aliyemnyooshea. Wageni wakaambiwa baba wa bibi harusi amekwama njiani na lori.

Sisi tulipewa soda tukanywe uani pamoja na waosha vyombo. Tulisikia vigelegele binti akiingizwa. Nilimchukia, na namchukia mpaka leo, ingawa najua ni mtaa mzima uliomfundisha kuona haya.

"Zimekaa?" Fundi akaniuliza.

"Nini?"

"Nywele. Ule msuko wa mwisho sikuuona vizuri."

Nikamwambia zimekaa.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida. Wale wa mbele ya duka wakamwita kwa sauti zao nyembamba, "Shangaziii!" Miaka yote aliwaitikia "Abee!" nao wakacheka pamoja. Siku hiyo aliingia ndani bila kugeuka, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anakipapasa kile kidole kidogo.

"Linachoma," aliniambia.